Tulichangia kemo, tukasahau ukungu

Wacha nianze na ile video, juu wengi wenu ndiyo ilifanya mnijue. Binamu yangu anashuka kwa gari hapa kwetu Othaya baada ya kemo ya kwanza. Shosho anamkimbilia na leso mkononi. Wamama wa kanisa wanaimba. Mimi niko nyuma ya kamera nikilia kimyakimya ili sauti yangu isiingie. Mliitazama, mkaituma kwa magrupu ya WhatsApp, mkatuma pesa, Mungu awabariki. Sijaifuta. Lakini siku hizi nikiifungua siangalii uso wake. Naangalia kitu kilicho nyuma yake: mashine ya guka ya kukatakata nyasi kavu ya ng'ombe. Imewashwa. Vumbi lake linapanda na kupita mbele ya jua la saa kumi jioni, na ndiyo sababu nilimwambia binamu asimame pale pale. Nilipenda mwangaza.

Wiki nne baadaye tulimzika. Alikuwa na miaka 22. Na kilichommaliza haikuwa lukemia peke yake. Ilikuwa kuvu kwa mapafu.

Nilimuuliza daktari kama ni ile nyasi. Hata nilimwonyesha video. Akaniambia hakuna mtu anaweza kujua ile mbegu ya kuvu ilitoka wapi. Huenda aliivuta hospitalini, huenda kwa matatu, huenda alikuwa nayo tayari kabla ya kutoka Nairobi. Aliniambia kwa upole na namshukuru. Lakini alinyamaza kidogo kabla ya kujibu, na kile kimya chake bado ninacho.

Kwa hivyo hii si post ya maombolezo, hiyo nilishaandika. Hii ni ya kusema kwamba sisi watu wa huku tunajua sana kuchangia kemo, harambee ni kitu tumezaliwa nacho, lakini hatujui kabisa kumlinda mtu aliyetoka kwa kemo. Na wanaofaa kutufundisha hawatufundishi. Binamu yangu alipotolewa hospitalini tulipewa karatasi ya Kiingereza, ndani yake kuna neno moja refu kuhusu seli nyeupe, na tarehe ya kurudi kupimwa damu. Basi. Tata akaikunja akaiweka kwa Biblia.

Tuelewe kwanza nini hutokea. Msiogope, mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili na hata huko nilikuwa nasomea biashara. Kama nimeelewa mimi, na wewe utaelewa.

Damu yako inatengenezwa ndani ya mifupa, kwa uboho. Huko ndiko seli nyeupe huzaliwa, na kati yao kuna aina inaitwa nyutrofili. Hizi ndizo askari wa mguu. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kuanzia kama 1,500 kwenda juu katika kila tone dogo sana la damu wanalopima, ile maikrolita moja. Lukemia ya ghafla inapoingia, uboho unaanza kutoa seli changa ambazo hazijui kazi. Ni kama wafanyakazi hewa wa serikali: kwa orodha ya mishahara wamejaa, ukienda ofisini hakuna mtu. Unaweza kupimwa uambiwe seli nyeupe ni nyingi hadi zinamwagika, na bado huna askari hata wa kulinda geti. Halafu kemo inakuja kufagia. Inafagia wale hewa, na inafagia hata wale wachache waliokuwa wanafanya kazi. Kwa wiki mbili tatu hivi, mara nyingine zaidi, nyutrofili zinashuka chini ya 500. Chini ya 100 hali huwa mbaya kabisa. Mwili uko wazi. Geti limefunguliwa na hakuna soja.

Sasa hapo ndipo kuvu inaingia. Kuna moja inaitwa Aspergillus, na mnaijua hata kama hamjui jina. Ni ule unga wa kijani au wa kijivu kwa mkate uliokaa, kwa nyasi iliyofungwa ikiwa na maji, kwa mahindi yaliyovunwa mvua ikinyesha. Inatoa mbegu ndogo sana, huwezi kuziona, na zinapaa kwa hewa. Kila mmoja wetu anazivuta kila siku, wewe unayesoma hii umezivuta leo asubuhi. Hazikufanyi kitu juu mwili unazishughulikia kabla hazijatandika bidhaa zao, vile kanjo huwa wanafanya na wachuuzi pale Nairobi. (Mara yangu ya kwanza na ya mwisho kusifu kanjo.) Lakini kwa mtu asiye na nyutrofili, mbegu ikitua kwa mapafu inachipuka. Inatoa nyuzi. Nyuzi zinatoboa mishipa ya damu na kuiziba, na sehemu ya pafu iliyokuwa inapata damu hapo inakufa. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kukohoa damu, na wakati mwingine anakohoa damu hiyo wakati seli zake zinaanza kurudi na watu wanaanza kusema afadhali.

Kiswahili nacho kina mambo. Ukungu ni ule unaofunika mashamba ya chai ya Chinga asubuhi ya Julai, ule tunapenda kupiga picha. Ukungu pia ni huu wa kwa mkate. Neno moja. Na ukweli ni kwamba hapa kwetu hivi viwili havijaachana sana. Othaya ni baridi na ni unyevu. Nguo zinakaa kwa kamba siku tatu. Nyumba nyingi za zamani ni za mbao, na ukisongeza kabati utakuta ukuta nyuma umechora ramani nyeusi. Ng'ombe wako hatua kumi kutoka mlango wa jikoni, nyasi kavu iko kwa dari ya zizi, mbolea imerundikwa pale, kuku wako pale, mahindi yameanikwa kwa gunia mbele ya nyumba. Ni maisha mazuri, mimi siyadharau, ndiyo yaliyonilea. Lakini ukimwambia mtaalamu akuchoree mahali ambapo mtu asiye na nyutrofili hafai kukaa, angechora boma letu.

Na si eti sisi Wakenya hatujui ukungu unaua. Tunajua, lakini tunaujua kwa mlango mmoja tu, wa mdomo. Mwaka 2004 kule Makueni, Kitui na majirani zao watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Mwaka 2019 serikali ikapiga marufuku aina tano za unga wa ugali kwa sababu hiyo hiyo, na kila mtu akawa mtaalamu wa aflatoksini kwa wiki moja. Sasa sikiza. Kuvu inayotengeneza ile sumu inaitwa Aspergillus flavus. Ni hiyo hiyo, jina na ukoo, ambayo inaweza kuota kwa mapafu ya mgonjwa wa lukemia. Tunaiogopa kwa sahani, lakini mbele ya gunia lililoota tunamkalisha mgonjwa kwa stuli ale jua.

Tuongee sasa juu ya kurudi nyumbani, na hapa najua nitaudhi watu.

Siku ile binamu alisalimiwa kwa mkono na watu wasiopungua sitini. Nimehesabu kwa video. Unajua vile huku mambo huwa, huwezi kumpita mzee bila kumpa mkono, hata kama umetoka kaburini. Kuna waliomkumbatia, kuna waliomwekea mikono kichwani wakaomba, kuna mtoto aliyekuwa na kamasi hadi kwa kidevu. Alikuwa amevaa maski. Mjomba mmoja akamwambia aitoe, "hapa ni nyumbani, hakuna corona." Watu wakacheka. Mimi nilicheka, sauti yangu inasikika. Akaitoa. Angefanya nini? Watu hao hao ndio walikuwa wamemchangia. Mtu ambaye amelipiwa matibabu na kijiji hana nguvu ya kukiambia kijiji kisimame mbali. Hilo deni sikuwa nimeliona kabla, na ninaliona sasa kila nikipitia harambee za watu wengine humu mtandaoni.

Salamu za mkono hazileti Aspergillus, najua, hiyo ni ya hewa. Lakini mikono inaleta mambo mengine. Kuna kuvu nyingine, Candida, ambayo wengi wetu tunaishi nayo kwa ngozi na kwa tumbo bila shida. Kwa mtu ambaye kemo imemchubua utumbo inaweza kuvuka ikaingia kwa damu. Na kuna ndugu yake mkorofi, Candida auris, aliyetambuliwa Japani mwaka 2009 kwa sikio la mgonjwa, ndiyo maana ya jina lake. Huyo anakaa hospitalini, kwa reli za kitanda na kwa mikono ya wahudumu, na dawa nyingi hazimtishi. Nairobi yuko. Katika hospitali moja kubwa, wataalamu waliangalia wagonjwa waliokuwa na Candida kwa damu kati ya 2010 na 2016, na zaidi ya theluthi moja walikuwa na huyu auris. Kwa hivyo hata hospitalini si eti uko salama. Mtu wa lukemia anatembea katikati ya moto na moto, na sisi tunamwambia atoe maski tumwone meno.

Halafu homa. Hii ndiyo inaniuma kuliko nyasi.

Siku ya sita nyumbani alianza kuhisi baridi. Othaya mwezi wa saba, nani hahisi baridi? Shosho akamfunika blanketi mbili na kumpa uji. Jioni mwili ukawa moto. Tukampa Panadol, ikashuka, tukafurahi. Asubuhi ikarudi, tukampa tena. Siku ya pili tukampeleka kliniki ya karibu, sitaitaja, akapimwa malaria. Malaria, huku milimani! Ikakosekana, akapewa vidonge vya antibayotiki na kuambiwa anywe maji mengi. Siku ya tatu usiku ndipo tukampigia mtu wa Nairobi, na yule muuguzi aliyeshika simu akapiga kelele. Akauliza kwa nini tumengoja. Tukamwambia hatukujua tunangoja.

Kama utakumbuka kitu kimoja kwa hii post ndefu, chukua hiki. Mtu wa kemo ambaye seli zake ziko chini akipata joto la 38.3 hata mara moja, au 38.0 likikaa saa nzima, hiyo ni dharura. Si dharura ya kesho asubuhi. Ni ya kuamsha jirani mwenye gari saa nane usiku. Madaktari wenyewe lengo lao ni aanze antibayotiki za mshipa ndani ya saa moja baada ya kufika, juu bakteria wanaweza kummaliza kabla ya jua kuchomoza. Na usimpe Panadol kwanza "uone vile itakuwa". Panadol inaficha joto, haifichi ugonjwa. Mara nyingi hatakuwa na usaha, hatakuwa na uvimbe, juu hata usaha unatengenezwa na hizo seli ambazo hana. Joto ndiyo sauti pekee mwili wake umebaki nayo.

Na kama antibayotiki zimepewa vizuri, siku nne tano zikapita na homa bado iko, hapo ndipo kuvu inafaa kutafutwa kwa nguvu. Sisi tulipoteza muda hapo pia. Alikuwa anakohoa, kifua kikimchoma upande mmoja, mara damu kidogo kwa tishu. Kenya hii, kijana akikohoa damu, kila mtu anasema TB. Sishangai, TB tunayo kweli na lazima ipimwe. Akapimwa, akatengwa, tukangoja majibu, hakuna kitu. Eksirei ya kifua ikaonekana nzuri tu. Nilijifunza baadaye kwamba eksirei ya kawaida inaweza kuonekana safi mwanzoni na kuvu iko ndani inakula. Kinachoonyesha mapema ni skani ya CT ya kifua, doa lililozungukwa na kivuli kama mwezi siku yenye ukungu, na pia kuna kipimo cha damu kinachotafuta vipande vya ukuta wa hiyo kuvu. Skani yake ilifanywa siku ya tisa ya homa. Daktari aliyeisoma hakuhitaji muda mrefu.

Sasa mtu asiniambie "ilikuwa siku yake". Nimelisikia hilo neno matanga yote na nikanyamaza kwa heshima ya wazee. Lakini dawa iko. Inaitwa vorikonazoli. Mwaka 2002 ulitoka utafiti mkubwa ukiilinganisha na dawa ya zamani, amfoterisini: baada ya wiki 12, karibu wagonjwa 71 kwa kila 100 waliopewa vorikonazoli walikuwa hai, na kwa ile ya zamani walikuwa 58. Si uchawi, 29 bado walikufa, lakini hiyo si hukumu ya kunyongwa. Tangu 2017 iko kwa orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Na kwa nchi zenye pesa hawangoji hata kuvu iingie. Tangu 2007 walishaona kwamba mgonjwa wa lukemia kali akipewa posakonazoli ya kukinga wakati seli ziko chini, anapona na mambo mengi.

Kwetu ile inayopatikana kila kona ni flukonazoli, ile ya ukungu wa mdomoni na wa sehemu za siri. Ni dawa nzuri kwa kazi yake. Kwa Aspergillus haifanyi kitu. Binamu alikuwa amepewa hiyo, na sisi tukaambiana "si anakunywa dawa ya fungus?" Tulikuwa tumefunga mlango ambao mwizi hatumii.

Vorikonazoli yenyewe hunywewa wiki sita hadi kumi na mbili kwa uchache. Tulipoulizia bei ya mwezi mmoja, ilikuwa kubwa kuliko kila kitu kilichobaki kwa ile paybill mliyotumia. Sisemi hivi kuwalaumu. Mlitoa. Kosa ni letu sisi tuliotengeneza bango. Nimelifungua tena hilo bango juzi: kemo, kitanda, damu, usafiri. Hakuna mahali tuliandika maambukizi. Hatukujua ni gharama. Tulidhani adui ni mmoja.

Na nchi nzima inafikiria hivyo. Kumbukeni Julai 2019. Tarehe 1 alifariki Bob Collymore wa Safaricom, lukemia, ile aina inaitwa AML, aliyokuwa ametibiwa Uingereza. Kabla mwezi uishe wakafuata Ken Okoth na Joyce Laboso, nao kansa. Tulilia kama taifa. Watu wakataka kansa itangazwe janga la kitaifa. Nilikuwa shule ya upili na tuliombea hao watu kwa gwaride. Mazungumzo yote yalikuwa mashine, majengo, tiketi za kwenda India. Na mashine tunazihitaji, sikatai. Lakini hakuna aliyesimama kwa TV akasema kwamba wengi wa lukemia hawauawi na zile seli mbaya zenyewe, wanauawa na kitu kidogo kilichoingia seli nzuri zikiwa zimelala. SHA nayo ilipoanza Oktoba 2024, kapu la saratani liliwekwa shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka, 400,000 kutoka SHIF na 150,000 kutoka hazina ya magonjwa sugu. Familia, si mtu. Kwa lukemia hizo pesa zinaisha kwa kemo na damu kabla hata hujataja skani ya pili, na kuvu inapofika inakuta kapu limepinduliwa.

Mwaka 2022, tarehe 25 Oktoba, Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu hatari zaidi kwa binadamu. Ziko 19. Kwa kikundi cha juu kabisa kuna nne, na kati ya hizo nne kuna Aspergillus fumigatus na Candida auris. Mara ya kwanza, 2022! Bakteria walipata orodha yao 2017. Kuvu zilisubiri hadi dunia ikatishwa na ile kuvu nyeusi ya India mwaka 2021, zaidi ya watu 40,000 kwa miezi michache, wengi wakiwa na sukari na dawa za steroidi walizopewa za corona. Hiyo nyeusi pia huwafuata watu wa lukemia, na vorikonazoli haiiwezi. Nikisoma hayo usiku nilikuwa nazima simu na kuiwasha tena.

Kuna jambo lingine litawagusa wakulima wa hapa, na nitalipitia haraka juu bado nalisoma. Dawa zinazotibu hii kuvu kwa binadamu ziko ukoo mmoja na dawa fulani tunazopulizia mimea ikishikwa na kutu ya majani na magonjwa mengine. Kuvu ya kwa udongo inazizoea. Mwaka 2014 wataalamu waliripoti Aspergillus sugu kutoka kwa udongo wa upande wa Kilimanjaro, Tanzania. Kilimanjaro si mbali. Guka anapiga kahawa dawa kila msimu na mimi ndiye huwa nabeba pampu.

Sasa kuna watakaosema, "unataka tumtenge mgonjwa? Unataka afe na upweke badala ya kuvu?" Mmoja ameshaniandikia hivyo, mtu wa ukoo, na nilikaa na hilo swali siku mbili. Jibu langu ni hapana. Lakini upendo wetu ulikuwa na ratiba mbaya. Watu sitini walikuja siku ya kwanza. Siku ya sita usiku, wakati tulihitaji mtu mmoja mwenye gari, simu tatu zilizimwa. Ningependa wale sitini wangekaa nyumbani na kila mmoja akachukua usiku mmoja wa kuwa na tangi imejaa. Ningependa mjomba mwenye mzaha angepewa kazi ya kuhamisha nyasi na kuku upande wa chini wa shamba wiki mbili kabla. Chumba chake kingesuguliwa na kukaushwa na wengine kabla afike, si yeye akiwa ndani. Hata yale maua kwa sufuria yenye udongo ambayo wamama walileta yangebaki barazani. Hata ule unga wa miti shamba, uliosagwa na kukaa kwa chupa ya soda hatujui miaka mingapi, aliokuwa anafukizwa chini ya shuka kila jioni na mtu aliyempenda sana. Hilo nalo sikusema kwa daktari hadi ilipokuwa imechelewa. Niliona aibu.

Na hospitali, karatasi moja tu. Kiswahili upande mmoja, Kikuyu upande mwingine, namba ya simu inayoshikwa usiku. Hapa Othaya tuna hospitali ya rufaa yenye jina la Mwai Kibaki, jengo ambalo miji mingi inatuonea wivu. Hatuhitaji kukata utepe mwingine. Tunahitaji kila mlango wa dharura kuanzia hapa hadi Karatina na Nanyuki, mtu akisema tu "niko kwa kemo na nina joto", apitishwe mbele ya laini bila maswali ya kadi, na kila zahanati ya kijijini ijue kumtuma huko bila kumjaza vidonge kwanza. Hiyo haihitaji bajeti ya mabilioni. Inahitaji bango kwa ukuta na mtu wa kulisoma.

Sisi tunaotengeneza video tuna mzigo wetu. Tunapenda machozi na tunapenda kukaribishwa nyumbani, vinatazamwa. Nimeombwa mara tatu tangu mwaka uanze kufanya nyingine kama ile. Siku hizi kabla sijaweka paybill ya mtu nauliza familia kama wamehesabu skani na dawa ya kuvu, na wengi wananiangalia kama mtu aliyeleta mkosi. Mmoja aliniambia nisimwombee mgonjwa mabaya.

Jumamosi hii kuna mtoto wa miaka saba anarudi Mahiga, lukemia, ametoka kwa awamu yake ya kwanza. Mama yake alinipigia akaniuliza kama naweza kuja na kamera. Tuliongea karibu saa nzima. Nilimuuliza ng'ombe wako wapi, akacheka, halafu akaacha kucheka. Nimemwambia nitapitia Ijumaa kusaidia kusongeza nyasi, na kamera itabaki kwetu. Kipimajoto nimeshanunua, shilingi mia tatu hamsini, duka la dawa hapa stage.